Bakuli la Halua na Bunduki ya Marehemu

Nyinyi vijana wangu mtakaoyasoma haya mkiwa mmelala chali na simu mkononi, kaeni vizuri kwanza. Bibi yenu si mtu wa kuandika. Nilisoma Kurani chuoni, nikapitia skuli kidogo, halafu nikatolewa nikafundishwa kupika. Lakini naona habari ya bunduki ya babu yenu mnaisimulia vibaya. Mmoja wenu nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenziwe ati bibi alimpiga risasi shemeji yake. Sikumpiga mtu. Ningetaka kumpiga ningempiga, na nisingemkosa. Basi someni ilivyokuwa.

Bunduki yenyewe ni ya kizamani, ya risasi moja. Unavuta mkono wake wa chini, mlango wa nyuma unafunguka, unatia risasi moja, unafunga, unapiga. Ukitaka nyingine unaanza upya. Marehemu babu yenu aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Akisema bunduki za siku hizi zinapayuka kama watu wa harusini, hii inasema neno moja ikanyamaza, na laiti angejua mapema angetafuta mke wa namna hiyo. Mimi nikimjibu kwamba mke wa namna hiyo asingemsubia vichwa vya kupigia.

Maana kazi ilikuwa ya watu wawili. Yeye akipiga, mimi nasubu. Bunduki ile haitaki risasi za dukani. Inataka vichwa vya risasi tupu, yale madini laini, yanayoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kimoja kimoja. Na mimi kusubu risasi nilikujua kabla ya kumjua mume. Baba yangu Unguja alikuwa fundi bati, na kiangazi akisubu chubwi za mishipi, vile vizito vya kuzamishia ndoana, na kuwauzia wavuvi. Nimekua nikinyang'anywa kijiko cha kumiminia. Nilipoolewa na kuletwa huku Dubai, mume wangu akanionyesha kalibu yake kwa fahari kama anamwonyesha mtoto mdoli. Nikamwambia hii ndogo, kwetu tunasubu kubwa zaidi. Baada ya miaka kadhaa ya kusubu nikachoka kutazama, nikamwomba na mimi nipige. Akacheka. Halafu hakucheka tena.

Msije mkadhani tulikuwa tukifyatua fyatua mitaani. Nchi hii sheria yake haina mzaha. Bunduki inalala kilabuni, huko nje ya mji jangwani, kwenye kabati la chuma. Kibali kilikuwa cha babu yenu, sasa ni cha mwanangu, baba yenu. Baruti anaishika fundi wa kilabu, mzee wa Kibaluchi mwenye ndevu nyeupe na maneno machache, na yeye ndiye anayejaza maganda. Kusubu tunasubia kwenye banda lake hapo hapo, na hata kipande cha risasi kikubwa kama punje ya dengu hakivuki geti. Getini na kwenye uwanja wa kupigia kuna mlinzi, binti wa Kikenya kutoka bara, mrefu, ambaye huniita shosho, yaani bibi kwao, na huogopa bunduki zote isipokuwa yangu.

Sasa babu yenu akafariki. Mirathi ikagawiwa kama inavyogawiwa, kila mtu akachukua chake, ikabaki bunduki. Bunduki haikatwi vipande. Na ndugu wa marehemu, yule mdogo wake anayekaa Marina kwenye jumba ambalo lifti yake inakuziba masikio, akaitaka. Hakuitaka aipige. Alitaka kuitundika sebuleni kwake, baina ya kioo na televisheni, na ili mtu aruhusiwe kuitundika nyumbani ilibidi kwanza mtutu wake uzibwe kwa chuma cha moto, iuliwe kabisa, isipige tena milele.

Mimi kumzika mume nilimzika. Bunduki yake sikuwa tayari kuizika.

Mwanangu kibali anacho, lakini ni mtu wa haya, hawezi kumwambia ami yake hapana. Akawa anasema inshallah, na ami yake anaisikia kama ndiyo. Ijumaa moja tumemaliza kula, nyumbani kwetu hapa nyuma ya mtaa wa Rigga, shemeji anajifuta mikono, akasema ameshamwona mtu wa kuitengenezea fremu. Nikamuuliza fremu ya nini. Akasema ya bunduki. Nikamwambia bunduki ile mwenyewe ni anayeweza kuipiga.

Akatabasamu lile tabasamu lake la dukani. "Shemeji, ile si mwiko wa pilau."

"Mwiko unaujua?" nikamwambia. "Sijakuona nao."

Mwanangu akazama kwenye finjani yake. Maneno yakaenda, yakarudi, na kabla halua haijaisha tukawa tumewekeana ahadi mbele ya watu wote wa nyumbani. Kilabu kina siku yake ya mwisho wa baridi ambayo wazee hupiga na bunduki za kizamani. Tutapiga mimi na yeye, bunduki hiyo hiyo moja, kila mtu na vichwa vyake, mapigo matano matano. Ambaye matundu yake yatakaa karibu karibu zaidi, maneno yake kuhusu bunduki ndiyo ya mwisho. Yeye ujanani alikuwa mpigaji mzuri, nilijua. Hakukubali kwa ujinga.

Nikaingia kazini.

Kwanza nilitafuta risasi safi. Kuna watu wanayeyusha vyuma vya kusawazishia matairi. Vile vina mchanganyiko, vigumu, na siku hizi vingine si risasi kabisa. Mimi nilishuka mpaka karibu na bandari ya Hamriya, kwenye duka la vifaa vya uvuvi, nikataka chubwi. Muuzaji akanionyesha moja moja. Nikamwambia nataka ndoo. Akanitazama na baibui langu, akaniuliza jahazi langu linatoka lini. Nikamwambia namsubiri nahodha apone. Akanipunguzia bei kwa huruma, na baba yenu akaibeba ndoo mpaka garini huku akiomba ardhi immeze.

Pili, mafuta. Kichwa cha risasi kina mifereji kiunoni, na ndani ya mifereji hiyo unapaka mafuta mazito, ili kikipita mtutuni kisiache risasi yake imeganda kwenye kuta. Mtutu ukishaganda risasi, haupigi tena sawa hata ukiulilia. Mafuta yangu ni nta ya nyuki na shahamu ya mkia wa kondoo, polepole motoni. Haya nilipika nyumbani, kwa kuwa mafuta si silaha. Harufu ikatoka mpaka kwenye korido. Jirani yangu wa upande wa pili akabisha hodi kuuliza hali yangu, na mkononi amekuja na sahani tupu. Nikampa sambusa.

Tatu, na hili ndilo lenyewe, nilimwomba fundi anisukumie kipande cha risasi laini ndani ya mtutu, kwa kijiti, taratibu, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kikatoka kimechukua umbo la mtutu kwa ndani. Tukakipima. Mtutu umeliwa na miaka, umepanuka kidogo kuliko ulivyozaliwa. Kwa hiyo kichwa chake lazima kiwe kinene kidogo kuliko kinavyosema kitabu, kiubane mtutu, kizungushwe vizuri na ile michirizi ya ndani. Kikiwa chembamba kitapita kama mtu ndani ya kanzu ya kuazima. Fundi akatafuta kalibu inayofaa, na kazi ikaanza.

Kusubu ni kusubiri, vijana. Risasi ikiyeyuka unaipa kipande cha nta, inawaka kidogo, uchafu unapanda juu, unauengua. Kalibu ikiwa baridi vichwa vinatoka na makunyanzi kama paji langu. Ikiwa moto sawasawa vinatoka vimejaa, kingo zake kali, kitako bapa. Hapo mwendo wako uwe mmoja: mimina, ngoja, fungua, mimina. Ukisimama kupiga soga, kalibu inapoa na wewe umeharibu. Kisha kila kimoja nakiweka kwenye mizani. Maana kuna vingine vinatoka vizuri wa sura, vinang'aa, huoni kasoro, lakini ndani vina kipovu cha hewa. Macho hayakioni. Mizani inakiona. Kichwa chenye kipovu kinaruka kikiyumba, kwa sababu uzito wake umekaa upande. Vya hivyo vinarudi chunguni.

Sasa banda la fundi lina mkeka wake, na kila Jumamosi mimi huenda na kahawa na halua. Halua naiweka kwenye bakuli langu la kauri, lile la kifuniko chenye maua ya dhahabu, mnalijua, ambalo nyumbani hamruhusiwi kuligusa. Jumamosi ile halua ilikwisha mapema, bakuli likafutwa likakaa tupu kwenye meza ya kazi. Vichwa vizuri nilikuwa navitia kwenye kopo la maziwa ya unga, lililo miguuni pangu. Vilivyokataliwa na mizani vikawa vinaingia kwenye bakuli, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Hapakuwa na hila yoyote. Hila ilikuja baadaye.

Shemeji naye alikuwa kilabuni siku hiyo, anajizoeza. Vichwa vyake amevinunua, vigumu, vinang'aa, vimepangwa kwenye boksi kama lulu. Akapiga vitano. Binti mlinzi akaleta karatasi. Matundu mengine yalikuwa marefu marefu, kama tundu la ufunguo, maana yake vile vichwa vilikuwa vimefika vimelala ubavu. Vyembamba kwa mtutu ule. Nilijua vingekuwa hivyo tangu nilipoliona boksi.

"Mtutu umechoka huu," shemeji akasema. "Mahali pake ukutani."

Nikamwambia, na fundi ni shahidi, na binti ni shahidi: "Shemeji, ukitaka vichwa vyangu niombe, nitakupa vizuri."

Akasema hajafika umri wa kuomba risasi kwa mwanamke. Sawa. Akaja akaketi mkekani, nikammiminia kahawa, na mkono wake ukaenda kwenye bakuli kutafuta halua. Akafunua. Akaona vichwa vyangu vimelala humo vinameremeta. Akafunika polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Halafu akatupia jicho kopo la maziwa miguuni pangu, lenye kutu ukingoni, akaliacha.

Hapo nikaelewa anachofikiri. Kwetu sote tumelelewa namna moja. Kizuri kinakwenda kwenye chombo kizuri, na chombo kizuri ndicho cha kumwekea mgeni. Cha nyumbani kinakaa kwenye kopo. Mama yake mwenyewe alikuwa akiwalisha wanawe makoko kwenye bati na kuwatolea wageni kitu cha juu kwenye kauri. Mtu wa malezi hayo hawezi kuingiwa na fikra kwamba mke wa kaka yake ameweka vibovu kwenye bakuli la maua.

Ningeweza kusema neno. Nilikunywa kahawa.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na bakuli la pili kwa halua, na lile la maua nikaliacha pale pale mezani na vibovu vyake ndani, nikalipangusa vumbi na kuligeuza maua yake yaelekee mlangoni. Nikamwambia fundi twende tukatazame upepo. Fundi akasema upepo hakuna. Nikamwambia ndiyo tukautazame. Tuliporudi, binti mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkakamaa.

"Shosho, yule buda wenu amejichukulia vitu kwa ile bakuli. Amejaza mfuko ya kanzu. Nimwite?"

"Muache," nikamwambia. "Mgeni huyo."

"Lakini ni wizi, shosho."

"Ukinipenda, hujaona kitu, hata akipita getini."

Akaniangalia sana. Halafu nadhani akaelewa, kwa sababu aligeuka akatazama jangwa, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Siku ikafika. Asubuhi ya baridi, hewa imetulia, mchanga bado haujaanza kutoa mvuke. Wazee wa kilabu wamekaa kwenye viti vyao, familia yote imekuja, nyinyi wengine mlikuwepo mkigombania chipsi. Nikapiga mimi kwanza. Kwenye bunduki ya risasi moja pigo lenyewe ni dogo. Kazi ni baina ya pigo na pigo. Unapitisha kitambaa chenye unyevu mtutuni, kisha kikavu, kila mara vile vile. Unaweka tako la bunduki begani pale pale. Unatoa pumzi nusu. Unabana kidole kama unakamua ndimu ambayo hutaki mbegu zianguke.

Mapigo manne yalikwenda nilikoyapeleka. La tano nikafanya upuuzi. Wakati nalenga nikamwona shemeji kwa pembeni akijipapasa mfuko wa kanzu, na kicheko kikanipanda tumboni. Kidole kikaruka. Nikajua kabla moshi haujatoka kwamba hilo limekwenda zake.

Binti akaleta karatasi. Fundi akachukua finjani, akaifunikiza juu ya matundu. Manne yakaingia chini ya finjani. La tano likabaki nje, peke yake, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Fundi akaondoa finjani akaweka kisahani chake. Kisahani kikayafunika yote. "Kisahani," akasema. "Khalas."

Sasa kisahani si finjani, vijana. Kisahani mtu anaweza kukishinda.

Shemeji akamtolea fundi vichwa kutoka mfukoni, fundi akavijaza bila kuuliza. Kisha akalala kwenye mkeka wa kupigia, kwa utulivu, na nikaona ule ujana wake haujatoka wote. Pigo la kwanza, katikati. Fundi alikuwa na darubini, akanipisha nitazame. La pili likatua karibu ya la kwanza hata yakagusana. Nikajiuliza kama mizani ilinidanganya, au kama vipovu vile vilikuwa vidogo mno vya kudhuru. Nikaiona bunduki ya mume wangu imetundikwa baina ya kioo na televisheni, imezibwa mdomo, na mimi ndiye niliyempa mtu nyundo kwa mkono wangu, kwa ajili ya kutaka kucheka. Mwanangu akanishika kiwiko. Sikumtazama.

La tatu likaenda kulia, mbali. La nne juu, nje kabisa ya duara. La tano fundi alilitafuta kwenye karatasi, akalitafuta tena, akalikuta kwenye kona, kwenye namba ya karatasi yenyewe.

Shemeji akainuka akifuta magoti. Fundi akaweka kisahani, akakiondoa. Akachukua kifuniko cha bakuli langu la halua, akajaribu nacho, kikawa hakifiki. Wala hakucheka. Alitazama huku na huku kwa dhati kabisa, akamwomba binti mlinzi amletee sinia.

Basi. Watu wakasimama, wengine wakanipa mkono, baba yenu akaenda kuficha uso nyuma ya gari. Shemeji akaja mpaka nilipokaa, akainama kama anayenipa hongera, akasema chini kwa chini:

"Vichwa vile ulivitia nini?"

"Vichwa vipi?"

Mnaona, hakuwa na pa kulalamikia. Akilalamika vichwa, aseme alivipata wapi. Nikamwacha ahangaike nalo, nikamenya chungwa.

Mwishowe akasema: "Nilijua mtu kama wewe haweki kibovu kwenye bakuli la wageni."

"Na mimi nilijua mtu kama wewe hachoti kabla hajakaribishwa," nikamwambia. "Basi tumekosea sote."

Akanitazama. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejitayarisha, maneno ya akiba nilikuwa nayo mengi. Lakini alianza kucheka, kwanza puani, halafu kwa sauti, kile kicheko cha kaka yake hasa, cha kukatika katikati na kuanza tena, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya mazishi. Nikageukia chungwa langu nikalimenya tena ingawa limekwishamenywa.

Akaomba kuishika bunduki kidogo. Nikampa, na vichwa viwili kutoka kwenye kopo la maziwa. Fundi akamjazia. Akapiga kimoja, akapangusa mtutu kama alivyoniona nikifanya, akapiga cha pili. Yalitua pamoja. Akakaa pale mkekani muda mrefu na bunduki mapajani. Kisha akauliza, bila ya kuniangalia, ile kalibu inatakiwa iwe moto kiasi gani, na kama mtu wa umri wake anaweza kujifunza. Habari ya fremu hakuitaja, na hajaitaja mpaka leo.

Nikamwambia aje Jumamosi, aje na kanzu isiyo na mifuko.

Jioni ile nyumbani mlikuwa mnacheka ovyo, mnamwigiza ami wa baba yenu anavyofunua bakuli, mmoja amejifunga taulo kama kanzu. Nikatoka jikoni nikapiga kofi mezani, nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo:

"Nyamazeni. Kesho ami wa baba yenu anakuja kula. Mtampa mkono, mtamuuliza hali yake, na bunduki haitajwi mpaka aitaje mwenyewe. Halua yake itolewe kwenye bakuli la maua, na ijae. Na anayetaka kucheka, acheke sasa hivi amalize, maana kesho nikisikia hata pua ya mtu inalia, atasugua chungu cha risasi mpaka Ramadhani. Yalla, osheni vyombo."